Nina na Rudi

Kile kiwanda cha santuri pale Hayes, huku Uingereza, wamekigeuza kuwa nyumba za ghorofa na mikahawa. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, binti yangu Neema alinivuta hadi kwenye mmojawapo wa mikahawa hiyo, akasema keki zake zinasifiwa. Ukutani wamebandika picha kubwa za wasichana waliofanya kazi pale miaka ya baada ya vita, vitambaa kichwani, wanacheka. Kwenye spika zilikuwa zikilia, kwa sauti ya chini, nyimbo zilizovuma wakati huo: fidla nyingi, tarumbeta ya taratibu, mwanamume anaimba kana kwamba ameamka sasa hivi. Nilikaa, nikazitazama zile picha. Nikasukuma kikombe pembeni.

"Mama, umekasirika?" Neema aliniuliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku.

Nikamwambia twende. Ndiyo, nilikuwa nimekasirika. Sikukasirikia keki, wala vijana wale wapole waliotuhudumia. Nilikasirika kwamba wameweka nyimbo zile na picha zile kama mapambo, na watu wanatafuna chini yake, na mimi namjua mmoja wa wasichana wale, na najua santuri zake ziliishia wapi. Naandika haya kwa ajili yenu mliolelewa kama mimi, mliopelekwa makazini na mama zenu mkaambiwa kaa hapo, usiguse kitu.

Tuliishi hapo hapo Hayes, chini ya njia ya ndege, vikombe vikitetemeka kabatini kila mara ndege inaposhuka. Baba alifanya kazi ya usiku kwenye maghala ya mizigo ya uwanjani, akirudi asubuhi alilala na soksi miguuni. Mama yangu, Wakesho, Mtaita wa Wundanyi, alifanya kazi kwenye makao ya wazee. Aliwaosha, akawalisha, akawageuza vitandani wasipate vidonda. Jumamosi hakukuwa na shule wala mtu wa kunishika, na baba hangeweza kulala na mtoto akirukaruka chumba cha pili, kwa hiyo nilikwenda kazini na mama. Meneja wa makao, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, alijifanya hanioni mradi nikae sebuleni na nisipige kelele. Meneja huyo alimwita mama yangu Wendy. Alisema jina Wakesho litawachanganya wazee.

Wazee hawakuchanganyikiwa. Doreen, aliyekuwa na akili timamu kuliko wote, alijaribu jina hilo siku ya kwanza, akashindwa na ile Wa ya mwanzo, akaamua kumwita Kesho. "Kesho, mpenzi, chai yangu iko wapi?" Mama alikuwa akicheka kila mara. Alimweleza maana yake, na Doreen akafurahi zaidi. Akawa akimwambia meneja, "Chai yangu ni leo, lakini anaileta Kesho," na meneja hakuelewa kitu.

Doreen alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto, ndipo mwanawe Keith akamleta pale. Mlangoni mwa chumba chake palikuwa na mchoro wa mjukuu wake mmoja, jua na nyumba, na chini yake neno Nana, maana ndivyo Waingereza wengi wanavyomwita bibi yao. Wafanyakazi wote walimwita hivyo. Mimi masikio yangu ya Kitaita na Kiswahili yalisikia Nyanya. Nilikuwa nimeambiwa nyumbani kwamba nina nyanya, mama yake mama, kwamba ananipenda sana ingawa hajaniona. Basi, nikamwona. Kwamba alikuwa mweupe halikunisumbua hata kidogo. Wazee wote niliowahi kukaa nao karibu walikuwa weupe. Nilidhani ndivyo mtu anavyozeeka, kwanza nywele, halafu ngozi.

Mama alinisikia nikimwita Nyanya na hakunisahihisha. Baadaye alisema aliona hakuna ubaya.

Doreen alikuwa na gramafoni yake sebuleni, sanduku la mbao lenye kifuniko, na kando yake kasha la santuri, zile za zamani, nzito kama sahani za udongo, ukiiangusha moja imekwisha. Kwa kuwa mkono wake mmoja haukufanya kazi, mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Alinifundisha kuishika santuri kwa ukingo, kati ya viganja, nisiguse mistari. Alinifundisha kuishusha sindano pole pole kama mtu anayemlaza mtoto. Zilikuwa na harufu ambayo sijawahi kuipata mahali pengine, kama nta ya viatu iliyochanganywa na gundi ya useremala, na zikizunguka harufu ile iliongezeka, au mimi nilidhani inaongezeka. Halafu mkwaruzo, kama mafuta yanayochemka, halafu wimbo.

Alizijua zote. Kulikuwa na wimbo wa mwanamke anayecheza densi na ufagio wake jikoni kwa sababu mumewe bado hajarudi kutoka jeshini. Kulikuwa na wimbo wa mwanamume anayemwahidi mpenziwe nyumba yenye mlango wa buluu. Wazee waliokuwa wamesinzia vitini walianza kutikisa miguu. Bibi mmoja ambaye hakuwa akilijua hata jina lake aliimba beti nzima bila kukosea. Doreen aliniambia kwamba miaka ile chakula kilikuwa cha kugawiwa, nguo za kugawiwa, mkaa haba, lakini wimbo ukitoka, umetoka kwa wote, na Jumamosi mtaa mzima unauimba.

Na yeye aliusikia kabla ya mtaa. Alipokuwa msichana alifanya kazi kiwandani Hayes, si kwenye mashine za moto zilizokandamiza unga mweusi ukawa santuri, bali kwenye vyumba vidogo vya kusikiliza. Kazi yao wasichana wale ilikuwa kuketi na kusikiliza santuri moja moja kutoka kila fungu lililotengenezwa, kukamata kasoro. Wimbo mmoja, kutwa nzima. "Nikiupenda, nilirudi nyumbani kama niko mbinguni," aliniambia. "Nikiuchukia, Mungu anisaidie."

Jumamosi moja aliniambia nichukue ya chini kabisa kashani, yenye karatasi ya kahawia. "Hii hutaijua," alisema. "Hii ilikuwa ya kupelekwa ng'ambo. Ina kasoro, inagonga mahali pamoja, msimamizi akaniachia." Nikaiweka. Magitaa mawili, chupa ikigongwa kwa kijiti, na sauti ya mwanamume. Na Doreen, Nyanya yangu, akafumba macho akaanza kuimba pamoja naye:

"Odi, odi, Nina Rudi, bona lango ufunguki…"

Sikushangaa. Hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri kuliko yote, kwamba sikushangaa. Nyanya anaimba Kiswahili. Nyanya wa nani asingeimba Kiswahili?

Aliyeshangaa ni mama. Alikuwa anaingia na sinia la chai, akasimama katikati ya zulia. Akaliweka sinia mapajani mwa mzee mmoja bila kutazama. "Umeitoa wapi?" aliuliza, kwanza kwa Kiswahili, halafu akakumbuka akauliza kwa Kiingereza.

Wimbo ule ulivuma Kenya nzima baada ya vita, mama alituambia, wanajeshi waliporudi kutoka Burma. Mwalimu mmoja wa Wundanyi alikuwa na gramafoni, na watu walipanda mlima kwenda kuusikiliza. Mama yake aliuimba akifagia, akipepeta, akimwogesha yeye mtoto. Ni mtu amerudi kutoka vitani, anabisha hodi kwa mchumba wake, mlango haufunguki.

"Sasa Nina ni nani?" Doreen akauliza.

"Nina yupi?"

"Nina na Rudi. Wapenzi. Waliokatazwa kuoana."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Hakuna Nina, hakuna Rudi. Anasema nimerudi. Hodi, hodi, nimerudi, mbona mlango haufunguki."

Doreen alimtazama kwa uchungu wa kweli. "Kesho, nimewalilia watu hao tangu nikiwa na miaka ishirini."

Tangu siku ile waliuimba pamoja kila Jumamosi, mama akisukuma kitambaa mezani, na wakifika pale kila mmoja alishika njia yake. Mama akiimba nimerudi, Doreen akiimba Nina Rudi. Alikataa katakata kubadilisha.

Halafu ikaja simu kutoka nyumbani. Mama aliipokea akiwa amesimama, akatelezesha mgongo ukutani hadi sakafuni. Baba akaniita akaniambia, "Mghoi, nyanya yako amefariki." Nililia siku tatu kama mtu mzima. Mama hakuweza kwenda kumzika. Makaratasi yetu yalikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na ukitoka huruhusiwi kurudi. Alikaa kitandani na leso kichwani, na Jumamosi akaamka akaenda kazini, maana meneja alisema anasikitika lakini hana mtu wa kuziba nafasi.

Nikaingia sebuleni na nani ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, anatabasamu?

Nilipiga yowe. Nilimkimbilia nikamshika uso kwa mikono yangu yote miwili. "Nyanya! Baba alisema umekufa!"

Doreen alianza kucheka, halafu akamwona mama mlangoni. Mwanamke yule hakuwa mjinga. Aliuona uso wa mama, akanitazama mimi, akaelewa yote, pamoja na lile kosa langu. Hakunisahihisha naye. Aliniambia tu, kwa sauti ya kunong'ona, "Weka ile ya kahawia."

Nikaiweka. Mama alisimama pale pale mlangoni mpaka mlango ule wa wimbo ulipobishwa, akaja, akapiga magoti, akaweka kichwa juu ya blanketi la Doreen na kulia kwa sauti, kama wanavyolia Wundanyi. Doreen alimpapasa nywele kwa mkono wake mmoja mzima. Santuri ilipokwisha ikawa inajizungukia tu, inakwaruza.

"Ichukue, Kesho," Doreen alisema. "Ni ya mama yako."

Mama alikataa, Doreen akalazimisha. Tulikwenda nayo nyumbani ndani ya leso. Hatukuwa na gramafoni. Mama aliiweka juu ya kabati, na nyakati nyingine niliona ameishusha, ameishika tu kwa ukingo, kati ya viganja.

Majira ya baridi Doreen akapata kiharusi cha pili, akafa. Wafanyakazi waliambiwa mazishi ni ya familia. Mama, aliyemwosha mwili wake akamfunga kidevu kabla hata Keith hajapigiwa simu, hakualikwa. Mimi sikuambiwa kwamba amekufa. Niliambiwa amelala hospitali. Pengine walishindwa jinsi ya kumuua nyanya yangu mara ya pili.

Keith alipokuja kukusanya vitu, mfanyakazi mmoja akamdokezea kwamba Wendy aliwahi kuonekana akitoka na santuri. Meneja akampigia mama simu, akamwagiza ailete. Jumamosi tukaenda. Sebule ilikuwa imejaa wazee, na Keith amesimama kando ya kiti cha dirishani, mtu mrefu mwenye koti zuri. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani.

"Alinipa mwenyewe," mama alisema. "Mama yangu alikuwa amefariki. Akanipa."

"Mama yangu hakuwa na akili za kugawa vitu," Keith alisema.

Uongo. Sebule nzima ilijua ni uongo. Meneja, aliyeshindwa na utani wa Doreen kila siku, alijua ni uongo kuliko wote. Alisema, "Wendy, unazijua kanuni za zawadi."

"Nyanya alitupa!" nilisema. "Muulizeni Nyanya akirudi!"

Keith aliinama akaniwekea uso wake karibu. Alinuka sigara. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo ninalomchukia nalo mpaka leo, alisema kwa upole, kama anayenifanyia wema. "Mtoto mzuri, yule hakuwa nyanya yako. Alikuwa nyanya wa wanangu. Na amekufa."

Nilimtazama mama amwambie anadanganya. Mama alikuwa anafungua leso. Alitoa santuri, akampa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Sori. Sori sana."

"Haya," meneja akasema, "ameomba radhi, yaishe hapo."

"Afadhali amekubali," Keith akasema.

Meneja akamwambia mama apumzike siku ile, yaani aondoke. Tukavuka barabara tukasimama kituoni, manyunyu yakianguka, na pale kituoni unaiona yadi ya makao yote. Tulimwona Keith akipakia garini redio ya mama yake na fremu za picha. Halafu akatoka na kasha la santuri. Alilishika juu ya goti, akazipekua mbili tatu, akatazama gari lililojaa. Akaenda nalo kwenye kontena la taka, lililokuwa na godoro kuukuu na mapazia, akalimwaga. Akarudi akachukua ya kahawia kutoka kwenye kiti cha mbele, akairusha nayo. Zililia kama kabati la vyombo limeanguka.

Nilimvuta mama mkono kwa nguvu zangu zote. "Tuzichukue! Amezitupa! Mama, amezitupa!"

"Usiguse," mama alisema. "Hatuchukui kitu pale." Vidole vyake viliniuma.

Ndani ya basi nilikataa kukaa karibu naye. "Kwa nini ulimwomba msamaha? Hukuiba!"

"Sikumwomba msamaha."

"Ulisema sori! Nilikusikia!"

Mama aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Nilimpa pole," alisema. "Amefiwa na mama. Mtu akifiwa unampa pole, hata awe nani. Kiingereza chao hakina pole, mwanangu. Kina sori tu."

Nyumbani baba aliamshwa na kilio changu. Jumapili asubuhi alivaa suti yake ya kanisani akatoka bila kutuambia, akaenda kwenye lile kontena. Alirudi na kiganja kimechanika na vipande vyeusi mfukoni, na hakuna aliyeweza kujua kipi ni cha wimbo gani. Alitaka kwenda kumtafuta Keith kwake. Mama alisimama mlangoni. "Baba Mghoi, makaratasi yetu hayajatoka. Unataka polisi waje kutuuliza nini?" Baba akakaa chini na koti lake lenye uchafu. Jumatatu mama alirudi kazini, akatandika kile kitanda cha Doreen kwa ajili ya mgeni mwingine. Mimi sikukanyaga pale tena. Jumamosi zangu nilizimaliza chumbani, nikitembea kwa ncha za vidole, baba akikoroma.

Mama alifanya kazi makao yale hadi alipostaafu. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina la Keith. Nilipokuwa msichana nilichukulia kwamba amemsamehe, na nilimdharau kidogo kwa hilo. Nilipokuwa mkubwa nilimheshimu kwa hilo hilo. Hasira yote niliibeba mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilipomwacha Neema nyumbani nilipitia kwa mama. Alikuwa jikoni akikatakata sukuma wiki, nyembamba kama nyuzi, na miwani imeshuka puani. Nikamwambia nilikotoka. Nikamwambia kuhusu picha na keki. Halafu nikauliza, "Mama, wewe ulimsamehe lini yule mtu?"

Kisu hakikusimama. "Nani amekuambia nimemsamehe?"

"Hukuwahi kusema kitu."

"Ningemwambia nani? Baba yako angepiga mtu akafungwa. Wewe ulikuwa mtoto. Meneja alikuwa hajui hata jina langu." Alikusanya mboga kwa ubapa wa kisu, akazitia sufuriani. "Miaka yote ile nilipita kando ya yadi ile kila asubuhi, Mghoi. Nikifika pale nasema moyoni, Keith, usizikwe na watoto wako."

Nilishtuka. Kwa mama yangu, kiongozi wa akina mama kanisani, ilikuwa laana nzito kuliko matusi.

"Na kanisani?" nikamuuliza.

"Kanisani nasali kama wengine." Akafunika sufuria. "Ila kwenye Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nanyamaza. Wanasema wao, nikisikia wamepita naendelea."

Nimekaa ubavuni mwake kanisani tangu nikiwa mtoto, na hata asubuhi ile ile nilikuwa ubavuni mwake. Nimekisikia kile kimya chake Jumapili baada ya Jumapili, na siku zote nilidhani anavuta pumzi.